Mwalimu Levanta: Mathews Opondo Ondiek, Aliyewahesabia Walioanguka

Wazee wa Seme, wachungaji, majirani wa Kibuye na Nyalenda, na nyinyi vijana wa klabu mliosimama kando ya ua na mikono mifukoni: haya ndiyo maisha ya Mathews Opondo Ondiek. Mama Dorca, mjane wake, ameomba ile Jumapili ya Kibuye isomwe yote bila kurukwa. Tangu juzi inasemwa hapa matangani kwamba leo jioni, vijana wakitoka na ng'ombe na mikuki kupeleka buru, kufukuza kifo kama ilivyo desturi, kuna mtu hatarudi kwake. Mtu huyo ni Wanyonyi, na yupo hapa, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na tangi la maji. Basi tusikize kwanza.

Mathews alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, hapa Kaloka, mtoto wa nne wa marehemu mzee Ondiek Ooko na marehemu mama Elsie. Alipokuwa na miaka sita, kiboko alivunja mtumbwi wa baba yake karibu kabisa na mafunjo, watu wakiwa ufuoni wanaona. Kilicholetwa nyumbani kilikuwa kimefungwa kwenye tanga la mtumbwi, na watoto wakakatazwa kutazama. Mathews alitazama. Halafu akachukua rungu la kuchungia ng'ombe, akashuka ziwani mpaka maji yakamfika kifuani, akaanza kupiga maji. Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mjomba wake alimfuata.

"Unapiga nini, wewe?"

"Napiga yeye."

"Umempata?"

"Bado."

Mjomba alimbeba akamrudisha. Waliomjua wanasema ile "bado" hakuwahi kuiacha.

Alianza shule ya msingi hapa Kaloka mwaka wa 1975. Alichapwa sana na alichapa sana. Mwaka wa 1981 kijana mmoja mkubwa alimwimbia wimbo kuhusu baba yake na yule mnyama, na Mathews akamvunja pua, na alipoanguka akaendelea kumpiga pale chini mpaka walimu wawili wakamtoa. Hilo la kumpiga mtu aliye chini lilimwuma maisha yake yote. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, akaenda kwa shangazi yake Nyalenda, akawa anasukuma mkokoteni wa maji. Kwenye foleni ya mfereji kila mtu alipigania mtungi wake, na yeye zaidi ya wote. Siku moja mzee aliyekuwa anapita akasimama kumtazama, akasema, "Kijana, hiyo ngumi unaitupa bure. Njoo uitupe mahali kuna kengele." Ndivyo alivyoingia ndondi.

Shule yake ya pili ilikuwa Kuba. Mwaka wa 1989 alipelekwa huko na mabondia wengine kwa mazoezi, akakaa karibu miaka miwili. Kocha wao aliitwa Eusebio, mtu mfupi, vidole kama mihogo, na hakutaka kusikia lugha nyingine isipokuwa Kihispania. Siku ya kwanza alimwangusha Mathews yeye mwenyewe kwa ngumi ya ini. Halafu akamsimamia akaanza kuhesabu, lakini hakuhesabu moja mbili tatu. Alisema: *me levanto, te levantas, se levanta, nos levantamos, se levantan.* Naamka, unaamka, anaamka, tunaamka, wanaamka. Ukiwa bado uko chini wakati "wao" wameamka, umeshindwa. Ukiamka, unarudia maneno yote wewe mwenyewe na damu mdomoni, na ukikosea moja unapigwa tena. Baadaye yakaja ya kujiosha, ya kujivika nguo, ya kuanguka, ya kunyamaza. Marehemu alikuwa akisema Kihispania alikilipia kwa meno, na kweli aliporudi Kisumu alikuwa amepungukiwa na mawili ya mbele.

Aliporudi mwaka wa 1991 alipata kazi ya usoja kwenye ghala moja la nafaka mjini. Wezi walikuja mara moja tu, watu wanne na mapanga. Kovu lililokuwa kwenye bega lake ni la hapo. Wawili walikimbia, mmoja alivunjika mkono, na wa nne akaanguka chali. Mathews, kwa kuwa mtu akiwa chini hapigwi, akaanza kumhesabia. Yule mwizi kusikia maneno asiyoyajua juu ya kichwa chake, akadhani anarogwa. Polisi walipofika alikuwa ameshataja majina ya wenzake wote na la shemeji yake ambaye hata hakuhusika.

Mwaka wa 2003 aliacha usoja, akakodi banda la mabati nyuma ya soko la Kibuye, akafungua klabu. Mifuko ya kupigia ilikuwa magunia yaliyojazwa unga wa mbao. Jirani wake ukutani alikuwa Wanyonyi, mtu wa Bungoma, muuza viatu vya mitumba. Kila asubuhi Wanyonyi alipiga mabati na kuuliza, "Mwalimu, leo Kihispania kimeua wangapi?" na Mwalimu alijibu, "Ingia nikuonyeshe." Wanyonyi hakuingia hata siku moja, ila vijana wa klabu ambao hawakuwa na viatu walitoka kwake wamevaa.

Klabuni mtu hakugusa glovu kabla hajajua kitenzi cha siku. Walipiga gunia kwa mpango huo: jabu, ile ngumi fupi ya kushoto, ni *me*, mkono wa kulia ni *levanto*, na hivyo hivyo mpaka "wao". Wengi walikuwa wameacha shule, na wengine walikuja wakiwa na visu kiunoni. Calvince, ambaye sasa ndiye mkubwa wao, alikuja akiwa na kumi na tano na jicho limefungwa kwa kipigo cha nyumbani. Siku ya kwanza alibishana.

"Mwalimu, *levanto* ni naamka, nimeshika. Sasa hii *me* ni ya nini? Si ni kupoteza pumzi?"

"Hiyo ni wewe tena."

"Si nishasema mimi?"

"Umesema anayeinua. Bado hujasema anayeinuliwa. Angalia kwa ulingo, omera. Unaona mtu mwingine hapo wa kukuinua?"

Calvince akaangalia. "Naona wewe."

"Mimi ndio nimekuangusha," Mwalimu akasema, akamwangusha.

Sheria za klabu zilikuwa mbili na kila mtu hapa anazijua. Mtu akiwa chini, aliyempiga anaenda kwenye kona yake na anakaa huko. Na mtu akiinuka mwenyewe, hashikwi mkono wala haulizwi kama ameumia, maana kumshika ni kumtukana.

Alimuoa Dorca Akello wa Nyakach kanisani tarehe 16 Desemba 1995. Mwaka wa 1998 alimpiga. Mama Dorca amesema lisomwe. Alimpiga mara moja, na Mama Dorca akamrudishia na mwiko wa ugali moto kwenye sikio, akafunga nguo zake, akaenda kwao. Mathews alimfuata na wazee na mbuzi, akapiga magoti uani kwa baba mkwe wake, na aibu ikamzuia lugha zote isipokuwa ile ya kupigwa. Akasema, *me arrepiento.*

Mzee akauliza, "Huyu anasema nini?"

Dorca akasema kutoka jikoni, "Anasema amejirudi."

"Wewe umejuaje?"

"Baba, miaka mitatu nalala na hiyo kelele."

Mzee akamwacha magotini mpaka chai ikaiva na ikanyweka. Tangu siku hiyo hakuinua mkono nyumbani, na mtu wa klabu aliyesikika amempiga mke au mama alifukuzwa bila kurudi. Waliofukuzwa wengine mko hapa.

Sasa Jumapili ya Kibuye. Ilikuwa tarehe 7 Septemba mwaka huu wa 2025. Kijana mmoja wa Mamboleo alishikwa na viatu vya Wanyonyi chini ya shati. Mtu akapiga kelele ya mwizi, na mnajua soko likisikia hilo neno. Walimpiga kwa mbao, kwa nyaya, kwa vyuma vya vibanda. Meno yake yalikuwa chini kwenye vumbi. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Mathews alitoka bandani na taulo begani, akaingia katikati, akasimama juu yake.

"Rudini kona. Huyu yuko chini."

"Mzee, toka hapo ama utachomeka na yeye."

"Nimesema yuko chini."

Wawili waliojaribu kumpita aliwalaza, mmoja kwa kulia na mwingine kwa kushoto. Wanyonyi naye alikuwa mle ndani ya hasira, mali ni yake, na alikuwa ameinua nusu ya tofali. Akamtupia yule kijana. Mathews akainama kumfunika, na tofali likampata juu ya sikio la kushoto. Mlio wa lile tofali ulisikika mpaka kwenye vibanda vya omena. Alianguka juu ya mwizi.

Vijana wa klabu walifika wakipasua watu kwa ngumi. Kisha Calvince akafanya alivyofundishwa. Akamsimamia Mwalimu, akaanza kuhesabu, na wenzake wakaitikia. *Me levanto.* Mbao zikashushwa. *Te levantas. Se levanta.* Kwenye *nos levantamos* Mathews akainuka, akasimama kwa miguu yake, na watu wakapiga makofi, hata wale waliokuwa wameshika mawe.

Hapo ndipo Wanyonyi alikuja na mkokoteni, analia. "Mpandisheni twende hospitali. Mimi nimesikia mfupa."

Calvince akampiga mdomoni. "Wewe toka. Mwalimu amesimama."

"Nimesimama," Mathews mwenyewe akasema.

Hakuna aliyemshika, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kijana wa Mamboleo alipelekwa hospitali kwenye ule mkokoteni na akapona. Mathews alitembea mpaka Nyalenda na damu inatoka sikioni kidogo kidogo, akala mbuta na ugali, akamwambia Mama Dorca leo Kihispania kimekaribia kumuua. Wakacheka. Asubuhi hakuinuka.

Hospitalini walisema damu imejaa ndani ya kichwa. Walisema pia kwamba kama angeletwa ile Jumapili, pengine. Jumanne jioni alifungua macho. Mama Dorca alikuwepo, na Lorine, bintiye mdogo, na Wanyonyi, ambaye alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda tangu saa tisa na mdomo umefura. Calvince na wengine watano walikuwa mlangoni wanamngoja atoke. Calvince akaingia, akainama.

"Mwalimu, tumekuja kusikia neno moja tu. Tummalize hapo nje."

Mathews alitafuta kwa macho. "Wanyonyi ako wapi?"

"Huyu hapa chini."

"Ako chini?"

"Ako chini, Mwalimu."

"Na wewe unafanya nini karibu na yeye?"

Calvince akageuka kutazama wenzake mlangoni.

"Nakuuliza, omera. Mtu akiwa chini wewe unakaa wapi?"

"Kona."

"Basi."

Calvince akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, karibu na sinki, akakaa hapo. Kisha Mathews akaanza kumhesabia Wanyonyi, polepole, ulimi mzito. *Me levanto. Te levantas. Se levanta.* Wanyonyi akashika chuma cha kitanda, akasimama. Mathews akafumba macho. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Aliaga dunia Alhamisi alfajiri, tarehe 11 Septemba 2025, akiwa na miaka hamsini na saba.

Vijana, tofali lilitoka mkononi mwa Wanyonyi. Mkokoteni wa kumpeleka hospitali aliuleta yeye, na mliuona ukikataliwa. Marehemu naye ndiye aliyesema amesimama. Mama Dorca anawauliza mtampiga nani kwanza. Anasema Mwalimu aliwaacha konani, na hajarudi kuwatoa.

Buru itatoka jioni. Itapita njia ya ng'ombe mpaka pale kwenye mafunjo, mahali ambapo akiwa mtoto aliingia majini na rungu. Rungu lile mjomba alilihifadhi, na liko hapa kando ya jeneza. Mama Dorca ameamua litabebwa na Wanyonyi, na atatembea mbele, na Calvince atatembea kando yake ili asiguswe. Wenye vitu chini ya makoti wabebe mpaka huko. Anayetafutwa yuko kwenye maji. Mpigeni mpaka mikono ife ganzi, kila mtu, na mkirudi nyumbani mrudi wote.

Marehemu ameacha mke wake Dorca Akello, watoto wake Maryanne, Dishon, na Lorine anayewasomea haya, wajukuu wawili, kaka yake Ooko, mama mkwe wake wa Nyakach, klabu ya Kibuye, ambayo Calvince ataifungua Jumatatu kama kawaida, na jirani yake wa ukutani, Wanyonyi.

Ameangushwa mara nyingi, na kila mara kulikuwa na mtu wa kuhesabu. Leo hakuna atakayehesabu. Mwalimu, usiinuke. Pumzika.