Ruta ya Marehemu

Mshonaji alikuwa anasinzia ndani ya basi aliposikia fundi wa intaneti akimuuliza mama aliyeketi kando yake, "Mama, hiyo ruta ya Wi-Fi unaipeleka wapi?"

"Nairudisha kwa kampuni ya kebo. Tumehamia intaneti ya faiba."

"Wanachodai ni modemu ya kebo tu. Ruta ni yako. Ichomeke kwenye boksi la faiba, jina la Wi-Fi lilelile, paswedi ileile."

Mshonaji, asiyejua modemu wala mama yake modemu, akatega sikio.

"Jina aliliweka marehemu mume wangu," mama akasema taratibu. "'Karibuni Nyumbani.' Watoto wakifika getini, simu zao zinajiunga zenyewe."

Basi likasimama mbele ya kampuni. Kondakta akaita mara mbili. Mama aliipakata ruta kama mtoto aliyelala, asiinuke.