Fundi Nakuja

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, poleni na msiba. Ninayesoma ni mimi shemeji yake, mdogo wa mke wake, na ninasoma kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo alipokuwa bado na kauli, akisema kwamba watoto wangelia katikati, na kwamba shemeji hana tabia ya kupamba maneno. Basi sitapamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1949, katika nyumba ya mlinzi wa shule, nyuma ya stoo ya madawati mabovu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba mlinzi na mama mfua nguo, na wazee waliokuwepo wanasema alijifunza kusimama kwa kushika mguu wa dawati, ingawa mtoto akitaka kusimama hushika chochote kilicho karibu. Alisoma katika shule hiyohiyo kuanzia 1957 hadi 1964, masomo hakuyachukia wala hakuyakimbilia, na alipomaliza alipelekwa kujifunza useremala kwa fundi wa milango, mtu mkali asiyetaka kusikia visingizio, kisha mwaka 1969 akaajiriwa katika kiwanda cha samani upande wa pili wa reli, ambako aliunga miguu ya meza hadi kiwanda kilipofungwa Novemba 1985. Wenzake walitawanyika kutafuta ajira, yeye alirudi nyumbani na sanduku lake la zana, akavunja banda la kuku, akajenga karakana ya kuta tatu, kwa kuwa ukuta wa nne ulikuwepo tayari, nao ulikuwa ukuta wa jiko la mke wake.

Yeye na mke huyo, dada yangu, walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa binti, ambaye leo ni mwalimu, na kijana, ambaye ni fundi wa lifti. Waliishi miaka yao yote katika nyumba ileile, yeye upande huu wa ukuta akipiga randa, dada upande ule akipika, na unga wa mbao uliingia katika kila kitu walichokula, mpaka dada akawa anasema kwamba siku akifa apasuliwe wapate ubao wa kutosha kigoda.

Kazi ya marehemu ilikuwa meza ndogo, na nyingi mnazo majumbani mwenu, meza ya kuwekea taa, meza ya mtoto kuandikia, meza ya redio, na alizikarabati pia zilizovunjwa na watu wanaopanda juu ya meza kubadilisha balbu, watu ambao aliwakanya bila kuchoka na ambao hawakusikia. Hakutaka vitanda wala makabati, na msumari aliuona ni kukiri kushindwa, mguu aliuchonga ulimi, ulimi akauingiza kwenye tundu lake kwa gundi, akabana kwa klampu, kisha hapo asingemtazama hata mfalme, kwa sababu gundi ikianza kushika haimsubiri mtu. Ndiyo maana mkimwita getini mlisikia sauti moja tu kutoka ndani, nakuja, na baada ya muda tena, nakuja, na mshona viatu wa jirani, ambaye yuko nasi hapa, alipenda kusema kwamba kati ya nakuja ya kwanza na ya tatu yeye humaliza kushona soli nzima. Mtaa ukampa jina la Fundi Nakuja, akalipokea, hata watoto wakalitumia, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Dada yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimwita kwa kugonga ukuta kwa mwiko, mwiko mnene ambao marehemu alimchongea mwaka walipooana, akigonga mara tatu kwa wepesi chakula kikiwa tayari, na mara mbili akiwa na mgeni, na jibu la kutoka karakana mnalijua. Chakula kilipoa, kikapashwa, kikapoa tena. Dada alitutania kwamba hata malaika wa mauti akija kumchukua mumewe ataambiwa nakuja, na itambidi akae kwenye maranda asubiri kama wateja wengine, nasi tulicheka sana, hatukujua kwamba malaika yule angepitia jikoni kwanza.

Tarehe 27 Agosti 2009, mchana, marehemu alikuwa anaunganisha meza ya mkunga mstaafu, meza ya mguu wa duara, gundi ikiwa mbichi na klampu moja tu ikiwa imekazwa, dada akagonga mara tatu kama kawaida, naye akajibu nakuja. Baadaye kidogo dada akagonga tena, mara moja tu, kwa uzito, na marehemu, kwa maneno yake aliyoyasema mbele yetu na ambayo alitaka yasomwe, alidhani mke wake amekasirika, akajibu nakuja kwa sauti ya juu zaidi, akakaza klampu ya pili, akafuta gundi iliyotoka pembeni, akanawa, ndipo akaingia jikoni, akamkuta sakafuni, chungu kinachemka na mwiko uko mkononi. Daktari alimweleza kwamba moyo ulisimama ghafla, kwamba hata angekuwa amesimama pembeni yake asingeweza kufanya kitu, na marehemu alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamjibu kwamba yeye daktari hakusikia ile mara ya pili.

Kuanzia siku hiyo neno lile likawa mwiko katika nyumba hiyo, na mwiko wenyewe ukatundikwa msumarini, juu ya jiko, haukupika tena. Akiitwa na yeyote aliinuka palepale, gundi mikononi, klampu hazijakazwa, akaja mpaka mbele ya aliyemwita, akasema, nimekuja. Ninyi wenye meza zilizotengenezwa miaka ile, ambazo mnaziwekea kipande cha karatasi chini ya mguu ili zisicheze, sasa mnajua ilikuwaje, na anawaomba radhi. Tena aliinuka hata pasipo mtu kumwita. Binti yake akiwa jikoni alimwona akiingia, akisimama pale sakafuni, akisema nimekuja, akingoja kidogo, akirudi kazini, na binti alipomuuliza nani amekuita baba, alijibu kwamba mama yako amegonga, ile ya mara moja. Tulimpeleka kupimwa masikio, yakawa mazima. Mwanawe akapiga lipu mpya ukutani, akidhani ni panya au bomba la maji, lakini baba yake aliendelea kuja.

Meza ya mkunga hakuigusa tena. Klampu zilipofunguliwa baada ya mazishi ilionekana kwamba ilikuwa imeshika sawasawa, haichezi, wala haijapinda, kuliko meza zote alizowahi kutengeneza, na hilo ndilo lililomuumiza, kwamba ilitoka nzuri. Hakuipaka vanishi. Mkunga alikuja kuitazama mara moja, akashika ukingo wake, akasema meza hii si yangu tena, akaenda zake, wala hakudai kitu.

Mimi kila nilipokwenda kumtembelea aliniuliza swali moja, akiniuliza kama mtu wa damu yake, kama ile mara ya pili dada aligonga kwa kuwa amezidiwa au kwa kuwa amemkasirikia, kwa sababu kama amezidiwa basi hakumfikia, lakini kama alikasirika basi aliondoka na hasira juu yake, na hasira ya mtu aliyekufa utaipozea wapi. Nilimwambia dada hakuwa na kinyongo, naye alisema, shemeji, hayo unayasema kwa upendo.

Januari 2022 marehemu alipata kiharusi kilichochukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya maneno, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na akaonyesha kwa mkono wa kushoto kwamba kitanda chake kipelekwe karakana, kisogezwe kwenye ukuta ule. Tulibishana naye kwa sababu ya vumbi, akatushinda, na huko ndiko alikolala, randa na patasi zikiwa zimening'inia juu yake, na binti yake akimlisha na kumgeuza bila kunung'unika hata siku moja. Bado alikuwa akisikia. Tulijua kwa sababu uso wake ulishtuka, akajaribu kuinuka, akashindwa, akalia, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake hasa, kwamba anaitwa na hawezi kwenda.

Asubuhi ya tarehe 11 mwezi huu binti na mimi tulikuwa jikoni, tunapoza uji wake, mlango wa karakana uko wazi. Hatukusikia chochote ukutani, nalisema hilo wazi. Tulimsikia yeye akicheka, kicheko kidogo cha puani alichokuwa nacho zamani, tukaenda, tukamkuta ameuinua mkono wa kushoto, ametuonyesha vidole vitatu, si kimoja, vitatu, akatutazama mpaka alipoona tumeelewa. Ilikuwa ile ya chakula. Kisha akageuza uso kwenye ukuta, akasema kwa kauli safi ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue, nimekuja, na akawa amekwenda. Binti aliporudi jikoni kuzima moto alikuta mwiko upo msumarini pake, lakini unacheza polepole, na dirisha lilikuwa limefungwa. Niliahidi sitapamba, na hapo sijapamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mtaalamu wa mazoezi aliyekuja nyumbani akavumilia vumbi, wenzake wa kiwandani ambao bado wapo, majirani, hasa mshona viatu aliyekaa naye jioni nyingi bila kuhitaji mazungumzo, na mkunga, ambaye ameruhusu meza yake itumike leo, ndiyo hiyo mnayoiona mbele, iliyobeba picha ya marehemu, na mkiitikisa haitacheza.

Imezoeleka kumwambia aliyetangulia kwamba nasi tunakuja nyuma yake. Sisi wa nyumba hii hatutamwambia neno hilo, siku yetu ikifika tutainuka. Dada, chakula kisipoe, mumeo ameshafika.

Pumzikeni kwa amani.