Nilivyoitwa Shule ya Wasichana

Sabato njema, wapendwa. Mzee wa kanisa amenikazia macho kwa sababu ananijua, lakini leo sikuja na utani. Nimekuja kushuhudia. Mkicheka, dhambi ni yenu.

Mnajua boma letu lina Ondieki wawili. Baba ana nyumba mbili (pasta anajua, msigeukiane), na kila mama alitaka jina la babu lirudi kwake. Kwa hiyo, kwa majina ya mama zetu, mimi ni Ondieki wa Moraa, na mdogo wangu ni Ondieki wa Kemunto. Hata mwalimu alituita hivyo, na nilipofanya mtihani wa darasa la saba, hivyo ndivyo alivyoniandika kwenye karatasi ya kupelekwa Nairobi: Ondieki Moraa.

Nikapita. Jogoo akachinjwa. Barua ya kuniita kidato cha kwanza ilipofika, baba akataka niisome mbele ya wageni. Nikasoma: sketi mbili za buluu... Nikarudi juu kusoma jina la shule.

"Endelea," baba akasema.

"Baba, hii ni shule ya wasichana."

Nilicheka kuwashinda wote. Sokoni akina mama wakaniuliza, "Moraa, mahari yako ni ng'ombe wangapi?" Nikawajibu, "Wengi, hamnioni nilivyo mzuri?" Lakini jioni nikamsikia baba akimwambia mama, "Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nafasi za wavulana zikijaa, huyu atabaki hapa Nyacheki kuchuma chai." Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kilinikauka mdomoni.

Ijumaa tukaenda ofisi ya elimu, Kisii mjini. Karani mmoja, mama wa upande wa ziwa, akatueleza: huko Nairobi habari zetu hutobolewa kwenye kadi, na kompyuta husoma matundu. Msichana mmoja anapiga mashine ya kutoboa, wa pili anarudia yaleyale. Kazi zao zikitofautiana, mashine inakataa.

"Basi mbona haikukataa?" baba akauliza.

"Hazikutofautiana, mzee."

Akapiga simu Nairobi. Msichana wa huko akatafuta karatasi yangu, akasema, "Mwalimu hakuweka alama ya mvulana wala msichana. Mimi ni wa Nyamira, nikaona Moraa, jina la kike la kwetu, nikamsaidia. Nikaweka alama ya msichana palepale kwenye karatasi." Mwenzake akanakili msaada huo vizuri kabisa. Mtu wa Mombasa angeuliza!

"Mwenyewe yuko hapa," karani akasema, akanipa simu. Sauti yangu ilikuwa bado inabadilika. Ikatoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Huyu si msichana?" simu ikauliza.

"Ongea kama mwanamume!" baba akafoka.

Karani hakucheka. Akamwambia yule wa Nairobi, "Soma yote tangu mwanzo, taratibu. Yeye ajibu." Akasoma jina, namba, shule niliyotoka. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha: "Mvulana?"

"Ndiyo!" Nilipiga kelele, ofisi nzima ikageuka.

Karani akatuandikia barua ya shule ya wavulana, na Jumatatu nikaingia nimevaa kaptura. Sijawahi kuipenda kaptura namna hiyo. Jamani, nilipumua!

Namshukuru Mungu, na baba aliyekubali kuchekwa njiani, na yule mama karani, na hata dada wa Nyamira aliyekubali kusoma tena. Nilichojifunza ni hiki: kupiga mara mbili kutoka karatasi moja iliyokosewa ni kukosea mara mbili kwa bidii. Ukiandika habari za mtu, muulize mwenyewe.

Na wewe dada unayeandika majina ya watakaolala kwenye kambi ya kanisa, nakuomba kwa unyenyekevu: kabla hujanipangia hema, nitazame usoni.