Ritha Aliyeomba Udongo Mtupu

Dada yetu Ritha Benedict alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Newala, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi Isidori ndiye mdogo wake na mjomba wa wanawe, kwa hiyo mtanivumilia nikisema ninayopaswa kusema.

Alisoma hadi darasa la nne. Mengine alifundishwa na bibi yetu porini: mzizi upi unaliwa, upi unaua. Mwaka 1971 aliolewa na marehemu Fidelis Nandonde, wakahamia Buguruni. Aliuza mboga za majani Kariakoo mpaka magoti yakamgomea, na nyingine alizipanda mwenyewe uani.

Mwaka 2019 wanawe waliusakafia ua wote kwa saruji, mama asikanyage tope uzeeni. Ilikuwa zawadi ya upendo, naye aliwashukuru. Mimi aliniambia, "Wamenitengenezea pazuri, mdogo wangu, ila sina tena pa kuweka mkono." Akaanza kupanda mrehani kwenye ndoo za rangi.

Siku moja alimkuta mjukuu wake Shukuru, mtoto wa Steven, akimwagilia maua ya plastiki sebuleni. Alicheka hadi machozi, kisha mchana ule hakula. Tangu hapo kila Jumamosi aliwapeleka wajukuu bustani ya Mnazi Mmoja wakafikiche majani, wanuse, wataje mti. Wazazi wakalalamika kwamba watoto wanarudi wachafu na tuisheni inawapita, safari zikakoma. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Akiwa kitandani alinishika mkono akasema, "Isidori, kaburi langu wasilisakafie. Waache watoto wapande kitu." Alituaga alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Saruji na marumaru zipo pale pembeni, wote mnaziona. Steven, mpwa wangu, najua umezinunua kwa kumheshimu mama yako. Jana uliniambia, "Mjomba, watu watasema tumemtupa." Waache waseme. Aliyelala hapa alishasema lake.

Marehemu ameacha watoto wawili, Steven na Siwema, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Shukuru amesimama hapa na mche wa mrehani. Hakuna aliyemwonyesha uko kwenye ndoo ipi. Alinusa majani mpaka akaupata. Steven, mpishe mwanao.

Apumzike kwa amani dada yetu, kwenye udongo aliouomba.