Mama Auleria wa Kanyigo, Mteja wa Ijumaa

Baba padri na wapendwa waombolezaji, naitwa Chacha Marwa, mfungaji wa mizigo katika duka la kago Al Qusais. Si ndugu wa damu wa marehemu, ila watoto wake, Fortunate na Desire, wamenipigia simu kutoka nyumbani wakaniomba niisomee familia historia hii, kwani mama yao alizoea kuwaambia kwamba huku Dubai ana mtoto mwingine, Mkurya asiyejua kula ndizi.

Marehemu Auleria Kokushubira alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, Kanyigo, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kanyigo kuanzia 1974 hadi 1980, kisha akafundishwa mapishi na masista wa Bukoba kwa miaka miwili. Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na Henry Rwegasira, wakajaliwa watoto hao wawili, na Bwana Henry alipofariki mwaka 2004 aliwalea peke yake, hadi Januari 2011 alipokuja hapa kuwa mpishi wa madam Hilwa, Al Barsha.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko, na ndiyo aliyokuja dukani kutuma mizigo. Tarehe 8 Februari 2013 alileta katoni la vitenge vya send-off ya Fortunate, siku hiyo hiyo Betty, mlinzi kutoka Uganda, naye akaleta la kwao Masaka, na majina yakaandikwa kinyume, hivyo vitenge vikaenda Masaka na mablanketi ya Betty yakafika Kanyigo. Mwezi mmoja kabla, mwenzetu alikuwa amefutiwa viza kwa kosa kama hilo, nami nilikuwa na mtoto mchanga Tarime. Arbab, yaani tajiri wetu mwenye duka, alipouliza nani aliandika, Mama Auleria alijibu kabla yangu kwamba kalamu alishika yeye, tena bila miwani, na arbab akasema khalas, yamekwisha, mteja akikiri hagombezwi. Mimi nilinyamaza. Nje alinifokea mpaka nikatamani angeniacha nifukuzwe, akaniagiza niandike jina la kila mteja kama ninavyoandika la mama yangu.

Familia hizo mbili zilikutana mpakani Mutukula tarehe 17 Aprili kubadilishana mizigo, siku tatu kabla ya send-off, wakasikilizana vizuri, Kihaya kwa Kiganda, hata mama yake Betty akaenda nao Kanyigo kucheza ngoma.

Tangu hapo kila Ijumaa aliniletea ndizi na maharage, tukala juu ya makatoni, akinicheka ninavyoulizia ugali. Mama yangu alipofariki Juni 2015 nikakosa ruhusa ya kwenda, Mama Auleria alikuja chumbani kwetu International City na wanawake saba, wakaweka matanga siku tatu, wakapika, wakaimba, wakanililia mama ambaye hawakupata kumwona. Nilimpenda sana mama huyu.

Agosti 2017 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani ya ini, akatibiwa hadi Jumanne, tarehe 6 Machi 2018, saa nne asubuhi, alipotuaga akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Atazikwa Kanyigo, na ndugu zake Betty ndio watakaompokea Entebbe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, madam Hilwa aliyemwosha kwa mikono yake, majirani wa Al Barsha, na wote mliopanda metro na mabasi kuja kumuaga. Mwisho inamshukuru arbab wangu, Bwana Yaarub, mzaliwa wa Unguja anayenielewa kila neno, aliyetoa gari na sanduku, akisema anamheshimu mteja aliyekiri kosa lake. Arbab, mama huyu hakukosea. Kalamu ile niliishika mimi, nikanyamaza miaka mitano kwa kuogopa kurudishwa nyumbani, naye hakunidai neno. Kesho asubuhi nitakuwa dukani, utaamua utakavyoona.

Pumzika sasa kwa amani, Mama Auleria. Kosa nimelichukua.