Mama Nanyori Kaanaeli na Meza ya Jikoni

Mama Nanyori Kaanaeli aliingia jiko la Kituo cha Mafunzo ya Wakulima Nkoasaria mwezi Machi 1994, na leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, analikabidhi. Ni miaka thelathini na mmoja. Yeye ameomba wasifu wake uwe mfupi na wa kweli. Kamati ya sherehe imeomba uwe wa kufurahisha. Nimejitahidi kutii pande zote mbili, na pale ziliposhindwa kwenda pamoja nimemsikiliza mstaafu, kwa kuwa sherehe ni yake.

Alizaliwa Kikwe, kwa wakulima wa ndizi na mahindi. Hapa alianza kama mwosha vyombo, akawa mpishi msaidizi, na tangu 2006 ndiye mpishi mkuu. Wakulima waliopita kwenye kozi zetu wamesahau mengi tuliyowaeleza kuhusu mbolea, lakini wakikutana nasi sokoni wanaulizia loshoro ya Mama Nanyori, ile ya Jumatano, ya mahindi na mtindi uliokolea. Ndiye aliyegoma kupika mpaka jiko likawekewa bomba la moshi. Vijana aliowafundisha sasa wanapika katika hoteli za mjini, na wakimwona kwa mbali bado wanaficha mikono kama kucha ni ndefu.

Kazi yake ninayotaka ikumbukwe zaidi, hata hivyo, si ya sufuria. Ni meza.

Wakati ule maofisa walikuwa na bwalo lao. Wapishi, walinzi, wasafishaji na wahudumu wa mifugo walikula wamesimama, au wamekalia ndoo zilizopinduliwa, sahani mapajani. Kila walipoomba meza waliambiwa wavute subira. Mwaka 2009 ghala la zamani la kahawa lilipobomolewa, na mbao zikarundikwa nyuma ya zizi zingoje kuchomwa, Mama Nanyori aliacha kuomba. Alichukua milango ya ghala, ambayo ilikuwa ya mbao nzuri ya mringaringa iliyofichwa na masizi. Miguu aliipata kwenye nguzo za vichanja vya kuanikia kahawa. Ubao mmoja ulipungua, akaung'oa kwenye hori kuukuu la ndama. Misumari iliyopinda aliinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja, huku maharage yakichemka. Randa na msumeno aliazima kwa seremala wa Kaloleni, ambaye alimpa akicheka.

Si yeye peke yake aliyecheka. Solomoni, mhudumu wetu wa mifugo, alisimama mlangoni akauliza, "Mama, hiyo ni meza au unajenga zizi?"

"Ni zizi," akamjibu bila kuinua kichwa. "La kwako. Likiisha nitakuita uingie ule."

Makosa yalikuwepo, na ameniruhusu niyataje. Lile hori lilikuwa la magadi. Aliuosha ubao wake kwa maji ya moto na majivu, lakini magadi ya miaka mingi yalikuwa yameingia ndani. Kwa muda mrefu ng'ombe mmoja wa mafunzo alikuwa akimtoroka Solomoni, anaingiza kichwa dirishani na kulamba meza. Mama Nanyori alimwita mteja asiyelalamikia chumvi. Kosa la pili lilitokana na mvua: aliijengea meza ndani ya jiko, na ilipokamilika ikawa haipiti mlangoni. Walipomzomea alisema, "Kwani inakwenda wapi?"

Haikwenda popote kwa miaka kumi na tano. Walikula hapo watu wa makanisa yote na Waislamu pia, na mwezi wa Ramadhani futari iliandaliwa hapo hapo. Mfanyakazi mpya hakuulizwa cheo chake, alisogezewa kiti. Nami nilisogezewa.

Sasa nafika mahali ambapo nimeshauriwa nipite haraka. Nitapita taratibu, kwa heshima zote, na nitaandika tu yale niliyothibitisha kwa watu waliokuwepo.

Mwezi Februari mwaka huu kituo kilifungua nyumba ya wageni kwa ajili ya watalii wanaokuja kuona kahawa. Mtalii mmoja aliingia jikoni, akaipenda meza, akaipiga picha. Wiki iliyofuata, Mama Nanyori akiwa msibani, msimamizi wa nyumba ya wageni, Bwana Ludovick, alileta watu waitoe. Mlango ukawakatalia. Wakaikata miguu kwa msumeno, chini kidogo ya nusu. Miguu ile ilishikwa kwa kabari. Ingegongwa, ingetoka mizima. Mtu yeyote jikoni angewaambia, lakini hakuna aliyeulizwa.

Leo meza hiyo iko sebuleni kwa wageni, fupi kama kigoda, imewekewa chombo cha maua na kibao kilichoandikwa "Meza ya Kale ya Kimeru". Si ya kale. Aliyeitengeneza yuko hai, ana namba ya simu, na mchana huu ameketi mbele yenu. Haikukutwa kwenye mapango. Ilitolewa jikoni, chini ya sahani za watu, na watu hao wamerudi kwenye ndoo. Nimeona mlinzi mwenye mvi anakula amechuchumaa ukutani, hatua chache kutoka chumba ambamo meza yake inabeba maua. Sijui neno la adabu la kueleza jambo hilo, na nimelitafuta.

Mwezi Aprili Mama Nanyori alipeleka chai kule sebuleni, akaketi kidogo apumzike. Kauthar, mhudumu wa mapokezi, aliagizwa amwinue. Ananiambia ilimuuma. "Shikamoo, Mama. Samahani, hapa tumeambiwa ni pa wageni."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi ni mgeni hapa. Sijawahi kuona meza imepigishwa magoti."

Kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu, alijibu papo hapo, "Rudisheni meza jikoni." Akaelezwa kwamba zawadi ni kitu cha kwenda nacho nyumbani. Akasema nyumbani anayo meza. Hii anawaombea wanaobaki, watakaokula Jumatatu yeye akiwa hayupo. Akaelezwa kwamba imeshakuwa fupi, haifai tena jikoni, na kwamba ombi lake litaangaliwa. Mpaka nakabidhi maandishi haya yachapwe, halijaangaliwa.

Jana jioni alifika kituoni kwa bodaboda, amefunga nyuma miguu minne mipya ya mringaringa, ya mti ulioangushwa na upepo shambani kwake. Ameichonga na kuipiga msasa mwenyewe. Itakuwa hapa ukumbini, imeegemezwa ukutani kushoto kwa mgeni rasmi. Naomba uongozi usidhani ni kuni zilizosahauliwa na wapishi. Nyundo na kabari ziko kwenye mkoba wake. Solomoni na walinzi wamekubali kubeba, na safari hii meza itapita mlangoni, kwa sababu miguu itafungwa ikishaingia jikoni. Kinachongojwa ni ruhusa, na mtu wa kuitoa anasoma ukurasa huu.

Mama Nanyori, asante kwa kutulisha, na asante kwa kutukalisha. Nenda Kikwe salama, uamke jua likiwa limepanda, na wewe upikiwe. Afya njema tutakuombea Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, na tunataka kuiomba tukiwa tumeketi.