Mama Soksi na Miguu Mia Nane Ishirini na Mitatu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa chumba cha pili cha upasuaji atakabidhi ufunguo wa kabati la mashuka na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ufunguo huo hajawahi kumwachia mtu, hata alipokwenda likizo ya uzazi mara mbili. Mnaombwa mfike kwa wingi, maana bila mashahidi anaweza kubadili mawazo.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mkimya. Wembamba alidumu nao. Daktari bingwa wa migongo wa wakati ule alimpa kazi ambayo kila mtu alikuwa ameikimbia: kuingia chini ya mashuka katikati ya upasuaji, akiwa amechuchumaa, na kutazama miguu ya mgonjwa.

Kwa faida ya wenzetu wa ofisi za ghorofani ambao hawajawahi kushuka kwetu, nieleze. Mtu mzima aliyepinda sana mgongo hupasuliwa akiwa amelala kifudifudi kwa saa saba au nane. Pingili zake hutiwa skrubu, vyuma viwili virefu hupitishwa, kisha mgongo huvutwa kidogokidogo kuelekea mstari ulionyooka. Ukivuta kupita kiasi, mishipa ya fahamu inaumia na mtu haamki na miguu yake. Kwa hiyo dawa ya usingizi hupunguzwa, mgonjwa huamshwa nusu, bila maumivu na bila kumbukumbu ya baadaye, na kuambiwa akaze mkono, halafu asogeze vidole vya miguu. Vikisogea, anarudishwa usingizini na kazi inaendelea.

Miguu aliyoitazama yeye ni mia nane ishirini na mitatu. Hesabu ni yake, na hataki kusahihishwa: wagonjwa mia nne na kumi na wawili, mmoja wao alikuwa na mguu mmoja.

Jina la Mama Soksi alilipata mwaka wake wa pili. Chumba chetu ni baridi, naye aliamua kwamba hakuna mgonjwa atakayelazwa humo miguu mitupu. Alifuma soksi nyumbani na kuzileta kwa mifuko. Mzee wake, fundi saa, mtu mpole kupita wengi, amekuwa akilalamika kwa miaka yote kwamba nyuzi za nyumba nzima zinaishia hospitali na yeye anavaa viatu bila soksi. Binti yao mkubwa anasema alikuwa darasa la tano alipojua kwamba soksi za watu wengine hufanana zote mbili.

Alikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Siku moja kabla ya upasuaji alikaa kitandani kwa mgonjwa na kumuuliza miguu yake hufanya kazi gani. Dereva wa lori alimwambia breki. Karani mmoja alisema miguu yake haifanyi chochote, inakaa tu chini ya meza. Mama Soksi hakuridhika, akamsubiri mkewe wakati wa kuona wagonjwa, akaambiwa bwana huyo hupiga mdundo kwa kisigino kila anaposikia muziki. Kesho yake chini ya mashuka karani aliambiwa apige mdundo, akapiga, tena kwa madaha.

Sisi wataalamu wa usingizi tuliona huo ni mchezo. Mashine ya kupima mishipa ilipofika, ikiwa na nyaya zake za miguuni na mistari yake kwenye skrini, tuliandika mwongozo wa kurasa nne: maneno yaleyale kwa wagonjwa wote, yasemwe na mtaalamu wa usingizi, basi. Mwongozo ule niliuandika mimi, na sikuacha ukali nyumbani. Mama Soksi aliusoma, akaukunja, akaanza kuniita Bwana Kurasa Nne, hata mbele ya wagonjwa.

Kisha akaja fundi cherehani, mama wa miaka arobaini na sita, mgongo umepinda hadi kumbana mapafu. Kwa miaka kumi na mmoja alizungushwa na watu waliomwambia umri umeshapita na kwamba mwili wake umezoea. Mtu hazoei kukosa pumzi akipanda ngazi tano. Anachozoeshwa ni kutosikilizwa, na waliomwambia hivyo wangebanwa mapafu wao siku mbili tu, wangepiga kelele jengo zima.

Saa ya tano ya upasuaji, vyuma vimeshavutwa, mstari wa mguu wa kushoto kwenye skrini ulilala. Tulimwamsha nusu. Alikaza mkono. Aliambiwa asogeze vidole, kwa maneno ya ukurasa wa pili, mara tatu. Miguu haikusogea. Daktari bingwa aliomba kifaa cha kulegeza skrubu, yaani kuurudisha mgongo ulikotoka na kumrudisha mama wa watu kwenye ngazi tano zake.

Sauti ikatoka chini ya mashuka, ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliye kibarazani.

“Fundi, kanyaga. Mteja yuko mlangoni.”

Miguu yote miwili ilikanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ilibidi aombwe aache.

Daktari alikuwa ameanza kumsifu mbele ya wote, na angeweza kuzipokea sifa akanyamaza. Alitoka chini ya mashuka akiwa ameshika waya wa mashine wa mguu wa kushoto.

“Soksi yangu ndiyo iliyouchomoa huu,” alisema. “Niandikeni.”

Hatukuwahi kumwandika, kwa sababu alijiandika mwenyewe kwenye daftari la matukio, kwa kalamu nyekundu, na kupigia mstari jina lake. Tangu siku hiyo soksi zake zimefumwa wazi mbele, waya hukaguliwa baada ya kuvalishwa, na mwongozo una ukurasa mmoja na nusu. Swali la kwanza kwenye fomu ya mgonjwa ni lile lake la kazi ya miguu. Nililiandika mimi, nikiwa nimesimamiwa.

Fundi alirudi baada ya miezi kumi, ameongezeka sentimita sita, akigomba kwamba magauni yake yote yamekuwa mafupi. Gauni atakalovaa Mama Soksi Ijumaa amelishona fundi huyo, kwa cherehani ileile ya kukanyaga.

Wiki iliyopita tulimgeuzia Mama Soksi swali lake: kuanzia Jumatatu, miguu yake itafanya kazi gani? Alisema hajui, neno ambalo halijawahi kusikika kwake humu ndani. Miguu yake, alisema, haijawahi kuulizwa.

Dada yetu, asante kwa miaka thelathini na mitatu ya kuchuchumaa kwa niaba ya watu wasiokumbuka kwamba ulikuwepo. Sisi tunakumbuka. Uwe na siku ndefu zenye afya na usingizi usioamshwa nusu, na mzee wako apate angalau jozi moja inayofanana. Swali la miguu lijibu taratibu. Mlangoni hakuna mteja.